Karatasi ya Mia Mbili Ishirini na Moja

Mzinga wa saa sita mchana ulipolia kutoka upande wa kasri, Bi Onami alikuwa ameshapakua: wali, supu ya maharage ya soya na kipande cha samaki wa kuchoma. Mumewe, tajiri Kahei wa nyumba ya kuchapa picha ya Tsutsumiya, angeweza kuchelewa msibani lakini si kwenye chakula. Akamwita mara mbili, kimya. Akavaa ndara zake, akapita uani hadi kwenye ghala la vibao vya kuchapia.

Kahei alikuwa amelala kifudifudi katikati ya rafu. Kando yake palikuwa na nyundo ya mbao, ya kupigia patasi, na kichwa chake kilikuwa na damu iliyoanza kukauka. Kikombe cha chai alichopelekewa na mkewe saa nne kasorobo kilikuwa juu ya rafu, kimenywewa nusu.

Hiyo ilikuwa tarehe 25 Februari. Zilibaki siku nne maonyesho makubwa ya viwanda yafunguliwe Ueno, na Tokyo nzima ilikuwa imepagawa. Kila nyumba ya picha mjini ilikuwa inakimbizana kutoa picha ya jumba jipya la mashine, lile la matofali mekundu lenye mnara, ili watu wa mikoani wapate kitu cha kurudi nacho kwao. Ya Tsutsumiya ilisemekana ingezifunika zote, na Kahei alikuwa ameiandikisha ishindanie nishani humo humo ndani ya maonyesho.

Inspekta Orihara alifika saa saba kasorobo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mtoto wa ukoo wa wabeba panga ambao sasa hauna panga wala hadhi ya maana, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kuandika saa. Ukimwambia umekunywa maji, atakuuliza saa ngapi.

Ilipogonga saa nane alikuwa ameshaandika haya. Saa kumi na mbili alfajiri mchongaji wa nyumba hiyo, Genshichi, alikuja kurekebisha kibao. Bi Onami aliwasikia yeye na mumewe wakizozana ghalani, na mchongaji akasema, "Utajuta." Genshichi akamaliza kazi, akaondoka kabla ya saa moja. Kahei naye akapanda rikisho, kigari cha kuvutwa na mtu, kwenda Ueno kupeleka fomu za maonyesho, akarudi saa tatu u nusu. Muuza tofu ya maharage wa mtaa ule alimwona Genshichi amesimama kwenye lango la nyuma karibu na saa nne, anaangalia ndani kama mtu anayemsubiri mtu. Daktari alisema Kahei amekufa kati ya saa tatu u nusu na saa nne u nusu. Nyundo ilikuwa ya Genshichi, hata alama yake ilichongwa kwenye mpini.

Kesi ilikuwa imejipika yenyewe, na hilo ndilo lililomkera Orihara.

"Na wengine walikuwa wapi?" akauliza.

Wengine ni wawili. Picha za namna hii zina mikono mitatu: mchoraji anachora, mchongaji anauhamisha mchoro kwenye kibao cha mti wa cheri, na mchapaji anapaka wino, analaza karatasi yenye unyevu juu ya kibao na kuisugua mgongoni kwa kisuguo cha ganda la mwanzi. Wote watatu wako chini ya tajiri mmoja, na tajiri huyo sasa alikuwa maiti.

Mchapaji aliitwa Umekichi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, thelathini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye chumba kile kile cha juu cha Tsutsumiya. Alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Alimpandisha Orihara juu, akamwonyesha karatasi zake zimepangwa safi chini ya ubao wa kukandamizia. Mia nne. Alianza saa moja asubuhi, akamaliza mzinga ukilia.

"Kwa saa moja unatoa ngapi?"

"Za ukubwa huu, themanini. Uliza mchapaji yeyote, afande."

Orihara alimwuliza mchapaji wa mtaa wa pili, akapata jibu hilo hilo. Themanini mara tano ni mia nne, hapo pa kutoroka hakuna. Tena Bi Onami mwenyewe aliapa kwamba tukiacha dakika za kupeleka chai, alikuwa jikoni asubuhi nzima na alisikia kisuguo kikifanya kazi juu ya kichwa chake, shaka-shaka, shaka-shaka, bila kukoma. Basi Umekichi akaachwa akawasaidie majirani kupanga mazishi.

Genshichi alikamatwa nyumbani kwake saa kumi jioni. Hakukimbia. Alikiri kwamba nyundo ni yake, aliisahau asubuhi. Alikiri ugomvi. Alipoulizwa waligombania nini, akafunga mdomo. Alipoulizwa alirudi langoni kutafuta nini, akasema alitaka kuzungumza na mtu, kisha akaona aibu akageuka. Mtu gani? Kimya tena. Orihara alimweleza pole pole kwamba kunyamaza hakumfichi na kitanzi. Genshichi akatazama mikono yake, akasema anajua.

Mkuu wa kituo alifurahi mno. Wakubwa wa serikali wangefika Ueno kwenye ufunguzi, na hakutaka mauaji yawe gumzo la mji. Akaamuru mchongaji apelekwe mahakamani kesho yake saa nane mchana na faili lifungwe.

"Bado kuna mchoraji," Orihara akasema.

"Una hadi hiyo saa nane," mkuu akajibu. "Ukitaka kujichosha, jichoshe."

Mchoraji Hosai alikuwa mwembamba, mwenye skafu ya kizungu shingoni na maneno mengi kuliko nywele. Ndiyo, alikosana na tajiri wiki iliyopita kuhusu mchoro. Lakini asubuhi ya leo alikuwa Ueno, kwa miguu yake miwili, akilichora jumba la mashine kwa ajili ya picha nyingine, tangu saa mbili hadi saa tano. Akatoa daftari. Mchoro wa leo ulikuwa humo, mzuri kweli kweli, mnara umesimama na juu yake jogoo wa chuma anayeonyesha upepo.

Orihara akaufunga mlango nyuma yake, akakaa chini.

"Bwana Hosai, Jumanne nilishika zamu pale Ueno. Yule jogoo aliteremshwa zaidi ya wiki moja iliyopita, upepo ulitaka kumng'oa. Juu ya mnara kuna bendera. Sasa wewe leo umemchora jogoo yupi?"

Hosai akawa mweupe kama karatasi yake. Orihara akamwacha achemke. Kwa dakika kadhaa aliamini kabisa amempata mtu wake, na alikuwa tayari anamwonea huruma mkewe. Lakini ukweli ulipotoka ulikuwa wa kuchekesha kuliko kutisha. Mchoraji hajawahi kufika Ueno hata siku moja tangu jengo lianze. Alikuwa Asakusa kwa mama mkwe wake, miguu ndani ya blanketi, ananakili mnara kutoka kwenye gazeti la mwezi uliopita. Wachoraji wote wanafanya hivyo, alisema karibu kulia. Ukisubiri jengo liishe, mwenzako ameshauza. Tatizo ni kwamba juu ya picha ya Tsutsumiya paliandikwa kwa herufi nene, "Imechorwa kwa macho ya mchoraji mwenyewe." Ikijulikana, atachekwa mpaka Osaka.

Orihara akamtuma askari kwa mama mkwe. Jibu lilirudi na nyongeza: mkwe alikuwa pale, alikula bakuli tatu, na aambiwe arudishe lile gazeti.

Wakati wakisubiri, Orihara aliitazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa karatasi ya majaribio, mistari myeusi mitupu, ile ambayo mchoraji hupewa aonyeshe wapi nyekundu na wapi buluu. Pembeni chini palikuwa na majina manne: mchoraji Hosai, mchongaji Genshichi, mchapaji Umekichi, nyumba ya Tsutsumiya.

"Mchapaji naye anaandikwa?" akauliza. Hata polisi anajua hilo si jambo la kawaida.

"Haandikwi," Hosai akasema, akijifuta jasho. "Miaka yote hiyo hajaandikwa hata mara moja. Safari hii tajiri alimwahidi, kwa sababu ya nishani. Ungemwona mzee yule, afande. Hakusema kitu, ila siku hiyo alikuja kazini na kanzu ya sikukuu."

Orihara aliandika saa, akaiomba ile karatasi, akaondoka. Ilikuwa saa kumi na moja u nusu, na alikuwa amebaki na mtu mmoja tu mwenye nyundo.

Kesho yake saa mbili asubuhi alirudi Tsutsumiya. Nyumba ilinuka ubani. Umekichi alikuwa chini na majirani, amevaa nguo ya msiba, anapanga mito ya wageni. Akamwinamia inspekta kwa heshima, akaendelea na mito yake.

Orihara hakujua anatafuta nini. Alipanda juu, akaondoa ubao wa kukandamizia, akaanza kuzipitia karatasi mia nne moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimepangwa kama zilivyochapwa, ya kwanza chini kabisa, na bado zilikuwa na ubaridi wa maji. Akazigeuza aanze na ya kwanza. Jicho lake likaenda pembeni, kwenye majina.

Mchoraji Hosai. Mchongaji Genshichi. Mchapaji Tsutsumiya Kahei.

Akaitoa karatasi ya Hosai, akazilaza sambamba. Hapo liliposimama jina la Umekichi kwenye majaribio, sasa lilisimama la tajiri. Na kulizunguka jina jipya palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, umechora kijisanduku. Basi hayo ndiyo marekebisho ya alfajiri. Genshichi alikuwa amelitoboa jina la zamani kwenye kibao na kutia kiraka cha mti chenye jina lingine.

Akamwita Bi Onami, akamwomba akumbuke ule ugomvi neno kwa neno, sio "utajuta" peke yake. Mama yule akafumba macho. Alikuwa hajalala.

"Alisema hivi: 'Ukinilazimisha kumfanyia mwenzangu jambo hili, utajuta.' Mimi niliona neno la maana ni lile la mwisho, afande. Nimekosea?"

Alimwambia hajakosea. Akamuuliza jambo la pili: kisuguo, alikisikia kweli saa nne? Si saa tatu, si saa tano. Bi Onami akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akasema nyumba ile haijawahi kukosa sauti hiyo asubuhi hata moja tangu aolewe, na kwamba hata sasa, kazi imesimama, kuna wakati anaisikia. Akaanza kulia, na Orihara akamwomba radhi.

Alirudi kwenye karatasi zake. Uzi mweupe ulionekana wazi kwenye ya kwanza, ya tano, ya kumi. Kufikia ya ishirini ulikuwa unafifia. Ya thelathini na mbili haukuwepo tena, jina limekaa kana kwamba lilizaliwa pale. Akaendelea, mia, mia na hamsini, mia mbili, safi. Karatasi ya mia mbili ishirini na moja, uzi ukarudi. Mweupe, wazi kama wa kwanza. Kisha ukafifia tena polepole, ukapotea kwenye ya mia mbili na hamsini.

Hakuelewa maana yake. Lakini akapiga hesabu kama kawaida yake. Karatasi mia mbili na ishirini, kwa themanini kila saa, kuanzia saa moja asubuhi. Inaangukia saa nne kasorobo.

Saa tatu asubuhi alikuwa mahabusu, amemwekea Genshichi chai na kiazi kitamu cha kuchoma. Mchongaji hakugusa.

"Sikuja kukuuliza ugomvi," Orihara akasema. "Nimekuja kukwambia kwamba kazi yako mbovu. Kiraka chako kina mwanya."

Genshichi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Kina nini?"

Orihara akampa karatasi ya kwanza. Genshichi akaitazama, akatoa sauti ya dharau puani.

"Hii ya mwanzo kabisa. Afande, kiraka hukatwa kwenye mti mkavu, na hutiwa kikiwa kikavu. Mti unakunywa. Ukianza kuchapa unapata maji ya wino na maji ya karatasi, unavimba, unajibana wenyewe. Kwangu mimi, karatasi thelathini uzi umekwisha. Kwa wengine hata mia mbili bado. Nionyeshe ya thelathini na tano."

Akaonyeshwa. Akaigonga kwa ukucha pale palipokuwa na jina. "Uko wapi huo mwanya?"

"Na ukishapotea, unarudi?"

"Urudi vipi, kibao kina maji? Labda ukiache. Upepo huu wa Februari, na seredani ya makaa mle chumbani, ukikiacha muda wa kutosha kiraka kitakauka na uzi utarudi. Lakini mchapaji gani anaacha kibao kikauke katikati ya kazi? Mwanafunzi hafanyi hivyo."

Orihara akalaza mbele yake karatasi nyingine. Hakusema ni ya ngapi, ila namba alikuwa ameiandika kwa penseli kwenye kona. Genshichi akaisoma namba. Akautazama uzi. Akaichukua karatasi kwa mikono miwili akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akairudisha chini taratibu, akasukuma zote kuelekea kwa inspekta.

"Nimekosea," akasema. "Kiraka ni kibovu. Andika hivyo. Niliharakisha."

"Fundi, ulikuwa unamsubiri nani pale langoni?"

Genshichi akamgeuzia mgongo, akaelekea ukutani. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Orihara alitoka mahabusu akijiona mwizi.

Saa nne kamili alikuwa chumba cha juu. Alimwita Umekichi, akamwita na Bi Onami, askari mmoja akasimama ngazini. Katikati ya chumba palikuwa na kibao, ndoo ya maji, wino, na karatasi zilizoloweshwa. Seredani ilikuwa inawaka.

"Fundi Umekichi, nisaidie. Nichapie arobaini."

Umekichi akaketi mahali pake. Akachapa. Orihara hakuwa amewahi kumwona mtu huyu akifanya kazi, na hata yeye asiyejua kitu aliona kwamba anamtazama bingwa: hakuna mkono uliokwenda mahali pasipo na haja. Uzi mweupe ulikuwepo, ukafifia, ukapotea kwenye ya thelathini na moja. Arobaini zilipotimia Orihara akakinyanyua kibao, akakilaza karibu na seredani, akafungua dirisha.

"Sasa tutakaa," akasema. "Dakika hamsini. Ni kama muda ambao kilikaa jana tangu saa nne kasorobo, nikikadiria kwamba baadaye ulikimbiza kazi. Halafu utachapa moja."

Wakakaa. Upepo uliingia na vumbi la barabarani. Bi Onami alitazama mikono yake, kisha mikono ya mchapaji, kisha akahama akakae karibu na mlango. Dakika kumi. Ishirini. Umekichi alikikazia macho kibao kama mtu anayetazama maziwa yasifurike. Kwenye dakika ya thelathini na tano akavuta pumzi.

"Usijisumbue, afande. Utarudi."

"Una hakika?"

"Nilichapa zile za jana, nitakosa kuuona? Niliuona uliporudi. Nilijiambia, nani mwingine atauona? Watu hununua mnara, hawanunui pembeni." Akacheka kidogo bila furaha. "Kiraka cha Genshichi ni kizuri mno. Kingekuwa kibovu, uzi ungebaki karatasi zote na wewe usingejua kitu."

Kisha akasimulia, pole pole. Aliliona jina lile kwenye karatasi ya kwanza. Hana kisomo kikubwa, lakini jina lake analijua, na hilo halikuwa lake. Alidhani ni kosa la mchongaji, tajiri akirudi atalirekebisha. Kwa hiyo akaendelea kuchapa ili kazi isichelewe. Karatasi mia mbili na ishirini alizichapa hivyo, kila moja akilisoma jina lisilo lake, akimsikilizia tajiri. Aliposikia ndara zake uani alishuka kwa ngazi ya nyuma.

"Nilimwuliza kwa adabu. Mke wake yupo hapa, anajua mimi si mtu wa kupayuka. Akasema nishani lazima ije kwa nyumba, kwa hiyo ameandika kwamba yeye ndiye mchapaji. Nikamwambia, tajiri, uliniahidi. Akasema, 'Mtu akinunua tofu, huuliza jina la maji yaliyoipika?' Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukagua vibao vyake. Nyundo ilikuwa pale kwenye rafu. Nilimpiga mara moja tu."

Bi Onami aliuficha uso wake kwenye mkono wa kanzu. Umekichi akamgeukia, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Aliponyanyuka alisema kwamba baadaye alikaa kule kwenye kisima, akanawa, akanawa tena, na muda ukampita. Kisha akarudi juu akakimbizana na mzinga wa saa sita. Zile mia na themanini za mwisho alizichapa kwa chini ya saa moja u nusu, na mistari yake ni mizito, aibu tupu.

"Na Genshichi?" Orihara akauliza. "Leo saa nane anapelekwa mahakamani. Ungemwacha anyongwe?"

"Ndiyo."

Alisema bila kusita, na askari wa ngazini akageuka kumtazama.

"Tumekaa pamoja miaka ishirini, mimi na yeye," Umekichi akaendelea. "Tajiri alitoa amri, sawa. Lakini aliyelitoboa jina langu kwa patasi ni Genshichi. Alilikata kwa mkono wake, akatia la mtu mwingine, tena kwa ufundi, akaenda zake bila kupanda hizi ngazi kuniambia. Nilijiambia, acha na yeye alipie."

Orihara alifunga daftari lake. Angeweza kunyamaza, kesi ilikuwa imekwisha. Lakini alikasirika, na hakuona sababu ya kuificha hasira yake.

"Ule ugomvi wa alfajiri ulikuwa juu yako. Alimwambia tajiri, 'Ukinilazimisha kumfanyia mwenzangu jambo hili, utajuta.' Muulize Bi Onami. Saa nne alirudi akasimama langoni, anatafuta ujasiri wa kupanda kukwambia, akashindwa kwa aibu. Tangu jana ninamuuliza waligombania nini, na hasemi, maana anajua akisema tu nitakuja kwako. Leo nilipomwonyesha karatasi ya mia mbili ishirini na moja aliitukana kazi yake mwenyewe. Mchongaji yule. Aliniambia niandike kwamba kiraka ni kibovu."

Umekichi alimtazama Bi Onami. Mama yule akatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo mzee akavunjika. Alilia kwa sauti, kifua kizima, ameshika kisuguo chake kwa mikono miwili, na askari alilazimika kumsubiri kabla ya kumfunga kamba.

Saa saba u nusu Orihara alimfungulia Genshichi mlango mwenyewe.

"Amekiri?" mchongaji akauliza.

"Amekiri."

"Ningenyamaza kuhusu ule uzi. Mdomo wangu na kiburi changu."

"Ungenyongwa, fundi."

"Ndiyo," Genshichi akasema, kama mtu anayekubali kwamba mvua ingenyesha. Akaomba arudishiwe nyundo yake, akaambiwa ni kielelezo cha mahakama, itabaki. Akatoka bila kuaga. Orihara alisikia baadaye kwamba alikwenda moja kwa moja Tsutsumiya, akakomba majina yote manne kwenye kibao, la kwake likiwemo, na tangu siku hiyo hakuwahi kuchonga tena kwa ajili ya picha. Alichonga masanduku ya chai.

Tarehe mosi Machi maonyesho yalifunguliwa. Bendera kila mahali, bendi, watu wamejaa hadi kwenye miti. Orihara alipewa zamu ya kuwapanga watu kwenye mteremko wa Ueno, na pale mteremkoni wauza picha walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Picha za mnara zilikuwa zinakwenda, lakini iliyokuwa inagombaniwa ilikuwa nyingine, mpya, wino haujakauka vizuri: Mauaji ya Ghala la Vibao. Nyumba moja ya mjini ilikuwa imekesha nayo siku tatu.

Akanunua moja. Umekichi alikuwa katikati, macho mekundu kama shetani, nyundo juu, na jina lake limeandikwa kutoka juu hadi chini kwa herufi nyekundu ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Watu walikuwa wanalisoma kwa sauti. Wazazi waliwasomea watoto wao. Anga la nyuma lilikuwa zuri sana, limefifishwa kutoka nyeusi hadi buluu bila alama yoyote ya mkono, kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Orihara alitafuta pembeni chini. Mchoraji alikuwepo. Mchongaji alikuwepo. Nyumba ilikuwepo, na mtaa wake. Akaigeuza karatasi akatazama hata mgongoni, watu wakimsukuma kupita, lakini aliyeichapa hakuandikwa.